Fedha Zilipofuata Daftari

Tarehe 1 Mei 2006, Sikukuu ya Wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba mama anayejifungua na mtoto wa chini ya miaka 5 watatibiwa bure Burundi nzima. Lilikuwa tangazo la haki. Mwaka huohuo mashirika ya haki za binadamu, Human Rights Watch na APRODH la Burundi, yalitoa ripoti juu ya wagonjwa waliozuiliwa hospitalini, wakiwemo wazazi wenye vichanga mikononi, mpaka ndugu zao wapate pesa za kuwakomboa.

Ila tangazo lile liligusa sehemu moja tu ya mfumo, nayo ni dirisha la kulipia. Tufuate kilichotokea baada ya hapo. Foleni zilirefuka papo hapo. Wengine walivipita vituo vya mtaani wakaenda moja kwa moja hospitali kubwa, maana kote ni bure. Muuguzi yuleyule, mshahara uleule, akawa na watu wengi kuliko jana yake. Kituo kiliandika ankara, kikaipeleka serikalini, kikasubiri, na marejesho yakachelewa. Kabati la dawa likawa tupu. Mama aliyeambiwa huduma ni bure akapewa karatasi akanunue dawa famasi. Bei ilikuwa imeondoka dirishani, ikahamia dukani.

Donella Meadows, mtaalamu wa mifumo wa Marekani, aliandika mwaka 1999 kuhusu mahali pa kuweka wenzo ili mfumo mzima usogee. Alisema kwamba kupandisha na kushusha namba, yaani bei, kodi na ruzuku, ndiko tunakokimbilia wote, na ndiko kwenye nguvu ndogo zaidi. Nguvu kubwa iko kwenye habari, nani anajua nini na anaijua lini, na zaidi ya hapo kwenye kanuni zenyewe. Burundi ilianza na namba. Kufika kwenye habari na kanuni nchi nzima kuliichukua miaka 4.

Kuanzia mwaka 2006 mikoa ya Bubanza, Cankuzo na Gitega ilijaribu utaratibu mwingine, wa kituo kulipwa kwa kazi iliyofanyika na kuthibitishwa. Aprili 2010 serikali ikaueneza nchi nzima na kuuunganisha na huduma ya bure. Moyo wa utaratibu huo ni daftari. Kila mwezi wakaguzi wa mkoa hulifungua na kuhesabu upya, mstari kwa mstari, wazazi waliojifungua na watoto waliotibiwa. Wasichoweza kukithibitisha hakilipwi. Kisha chama cha wenyeji hupewa baadhi ya majina, kikapige hodi majumbani. Mama huyu yupo? Kweli alihudumiwa pale? Aliridhika? Katika mtaa kama Buyenzi, jijini Bujumbura, ambako nyumba zinabanana na kila mtu anamjua jirani yake, jina la kubuni haliwezi kufika adhuhuri.

Tazama kilichogeuka. Zamani mgonjwa aliyetibiwa bure alikuwa hasara kwa kituo. Sasa kila mzazi aliyeandikwa vizuri analeta fedha, nyingine za kuendeshea kituo, nyingine marupurupu ya wafanyakazi. Vituo vya mbali huongezewa, kwa sababu bila hivyo kila muuguzi angetaka kubaki Bujumbura. Foleni ileile iliyokuwa ikikiangusha kituo ikaanza kukibeba. Kwangu mimi hapa ndipo wenzo ulipokaa: katika njia iendayo toka daftarini hadi kwenye fedha.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta akina mama 60 katika 100 wanajifungulia kituoni. Ule wa 2016-17 ulikuta 84. Vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 96 hadi 78 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Sifa zote haziwezi kwenda kwa daftari, kwani chanjo na vyandarua pia vimefanya kazi yao.

Na kuna jambo moja linalonisumbua. Mwaka 2014 mtafiti Igna Bonfrer na wenzake walichapisha uchambuzi wa utaratibu huu: uzazi wa kituoni uliongezeka kwa pointi 22 za asilimia, na alama za ubora wanazotoa wakaguzi zilipanda kwa asilimia 45. Wagonjwa walipoulizwa wenyewe kuhusu ubora, utaratibu ulikuwa haujabadilisha kitu. Mfumo huzaa kile unachokihesabu. Mkaguzi huona sabuni, kipimo cha shinikizo la damu na fomu iliyojazwa. Haoni alivyojibiwa mwanamke mwenye uchungu saa nane za usiku.

Ombi langu kwa wanaopanga malipo haya ni moja. Hodi zile za majumbani ziongezwe, na mama aulizwe alisubiri muda gani na alisemeshwaje. Jibu lake lipewe uzito mkubwa kuliko lilio nao leo, na lipatikane kabla fedha hazijatoka.