KoboCollect: nani alikuchagulia mita 5?

Wandugu wa agronomi, na ninyi ambao mungali masomoni, leo sitaongelea muhogo. Nataka tupime chombo ambacho wengi wetu tunapewa siku ya kwanza ya ankete: KoboCollect. Ni programu ya bure, inajaza fomu hata pasipo rezo, na imejengwa juu ya ODK Collect, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Kwa hayo, waliyoitengeneza tuwape heko. Lakini kuna maamuzi imeshayachukua kwa niaba yako hata kabla hujaifungua.

La kwanza ni picha. Fomu isiposema kitu, nawe usipogusa kitu, picha inabaki na ukubwa wote wa kamera. Tuseme picha moja ni mega 4, na kila shamba unalipiga picha 5. Mashamba 50 ni mega 1,000. Huku kwetu Nyangwe, mtu anayenunua mega hizo anazisikia mfukoni. Na dawa iko mule mule: kwenye mipangilio unaweza kuchagua picha ya pikseli 1,024, inayotosha kabisa kuonyesha jani la muhogo lenye mozaiki. Mbona monita hachagui? Sababu hajui kama kuna cha kuchagua.

La pili ni GPS. Mwenye kutengeneza fomu asiposema kitu, programu inangoja usahihi ufike mita 5, kisha inachukua pointi yenyewe. Kwa kuonyesha nyumba iko wapi, sawa. Lakini chukua shamba dogo la mita 20 kwa 20, ukapime kona zake namna hiyo. Kila upande ukipotea mita 5, mita 400 za mraba zinageuka 225, ao 625. Mama anayepewa mbegu ya mpunga kwa kufuata eneo lake atapunjwa, ao atabeba mbegu isiyo na pa kupanda.

Na hapa ndipo lawama yangu iko. Hata ukiiona ile mita 5 kwenye skrini, unafikiri ni sheria ya setilaiti. Hapana, ni namba ambayo mtu aliichagua, na mtengeneza fomu anaweza kuibadilisha. Kuonyesha namba ni kitu kimoja. Kumwambia mtu kwamba inabadilika, na nani anaweza kuibadilisha, ni kingine.

Mutaniambia maelezo yote yapo kwenye intaneti. Ndiyo, yapo, tena yamepangwa vizuri. Lakini monita aliyesimama shambani saa sita ya mchana hatayasoma. Neno lingemfaa pale pale picha inapopigwa: «Picha hii ni mega 4. Gusa hapa kuipunguza.»

Tukingoja hayo, tusilie tu. Programu hii inakubali kupanga simu moja, kisha zingine zote zinasoma mipangilio ile kwa kodi ya QR. Mmoja akigundua, timu nzima inapona.

Basi kabla ya kutoka ofisini, muulize aliyetengeneza fomu: picha zitakuwa na ukubwa gani, na GPS itakubali mita ngapi? Akikosa jibu, ujue hata yeye hakuchagua.