Mauzauza na Kalamu Zetu

Wenzangu wa kalamu, msininunie. Nilipewa bahasha ya hadithi nane za vijana wa Masasi na Newala nizisome na kuzitolea maoni. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Tano kati yake zina mauzauza: taa angani, popo mkubwa juu ya paa, bibi kizee mwenye macho mekundu. Na katika zote tano msimulizi anatupiga kwa maneno yale yale: "Niliona kwa macho yangu." Akishasema hivyo anadhani kesi imekwisha. Kwangu mimi ndiyo kwanza inaanza.

Sigombani na mashetani. Nagombana na hilo jicho, maana hakuna mwandishi hata mmoja aliyelihoji.

Nianze na jicho langu mwenyewe. Nikiwa darasa la sita nilikwenda Newala kwa mjomba, likizo. Jioni moja tulichelewa shambani, tukapita ukingoni pale Shimo la Mungu, mahali uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linabaki chini kabisa. Giza limeshaingia. Nikaona taa nyekundu inaelea hewani mbele yetu. Inakwenda kushoto, inasimama, inarudi. Nikamshika mjomba shati.

"Mjomba, jini lile!"

"Umeliona au umesimuliwa?"

"Nimeliona, linatembea."

"Haya, kaa chini. Egemeza kichwa kwenye huu mti, usitikisike. Sasa tazama ule mwanga na hili tawi."

Nikatazama. Taa haikusogea hata kidogo. Mjomba akacheka, akasema watu wanachoma mashamba bondeni. Kwa kuwa bonde lenyewe halionekani gizani, moto ulikuwa kama umening'inia hewani. Niliyachukia maelezo yake, maana nilishajitayarishia mchapo wa kuwamaliza wenzangu Masasi.

Ukubwani nikasoma kwamba mambo haya yana wataalamu wake. Mwaka 1935 Muzafer Sherif, msomi aliyezaliwa Uturuki, alichapisha majaribio aliyoyafanya Marekani. Aliwaweka watu gizani watazame nukta ya mwanga isiyosogea. Waliiona inasogea, kila mtu kwa kiasi chake. Walipokaa pamoja na kutaja makadirio kwa sauti, majibu yao yakaanza kukaribiana. Hakuna aliyesema uongo. Jicho lilikosea, halafu masikio yakalisaidia kukosea kwa pamoja.

Na masikio hulishwa maneno, na hapo ndipo sisi waandishi tunapoingia. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Mmarekani, Kenneth Arnold, aliripoti kuona vitu tisa vikienda kasi karibu na mlima Rainier. Baadaye alieleza kwamba alikuwa anasimulia mwendo: vilirukaruka kama kisahani ukikirusha juu ya maji. Magazeti yakachukua neno, yakaandika visahani virukavyo. Ndani ya wiki chache mamia ya watu nao wakaripoti mambo yao angani, na wengi wakasema ni visahani. Neno la mwandishi lilitangulia, macho yakafuata.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Mwaka 1995 Popobawa alianzia Pemba akavuka hadi Unguja. Wengi waliosema wamevamiwa walieleza jambo moja: umeamka usiku, kifua kimekandamizwa, huwezi kusogea wala kupiga kelele, na unahisi kuna mtu chumbani. Kiswahili kina neno la zamani kwa hali hiyo: jinamizi. Akili imeamka, mwili bado umefungwa na usingizi. Lakini jinamizi ni la mtu mmoja kitandani mwake, na Popobawa ni wa mtaa mzima. Jina lilipobadilika, hofu nayo ikabadilika. Watu wakalala nje kwa makundi, moto unawaka, na mjini Unguja umati ukamuua mtu mwenye maradhi ya akili ukidhani ndiye. Mwaka 2007 jina likasikika tena, na Dar es Salaam nako. Huyo aliyeuawa ndiye ninayemtafuta katika hadithi zenu za popo, na simwoni.

Sasa yule bibi wa macho mekundu. Huko Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa miaka na miaka kwa sababu ya macho hayo, wakiitwa wachawi, na macho yenyewe yameiva kwa moshi wa jikoni. Ndugu mwandishi, katika kurasa zako kumi na mbili hukutupikia hata chungu kimoja. Jiko liko wapi?

Sikusemi kwa ubabe. Nikiwa kidato cha pili niliandika hadithi ya bibi mchawi, nikaisoma darasani, nikapigiwa makofi. Sikumtaja mtu. Ila nilimpa kilemba cha bluu na sinia la korosho za kukaanga, na mtaani kwetu kulikuwa na bibi mmoja tu wa namna hiyo. Watoto wakaacha kununua kwake. Siku moja akanisimamisha njiani: "Mjukuu wangu, nimekukosea nini?" Mpaka leo sina jibu.

Najua mtauliza: basi tusiandike mashetani? Andikeni sana! Katazameni wachongaji wetu wa Kimakonde. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa alivunjikiwa na mkono wa sanamu aliyokuwa akiichonga, naye badala ya kuitupa akaligeuza pigo lile kuwa umbo la shetani. George Lilanga, aliyezaliwa 1934 wilayani Masasi na kufariki 2005, aliwajaza mashetani kwenye mbao na rangi: masikio makubwa, midomo iliyovimba, wanacheza, wanasengenyana kama sisi. Mbele ya kazi yake huulizwi kama unaamini. Unajiona mwenyewe, unacheka, unaona haya kidogo. Na hakuna kikongwe anayepigwa mawe kwa sababu ya shetani wa Lilanga, kwa kuwa shetani huyo hana anwani mtaani.

Ndiyo tofauti ninayoitaka. Shetani wa kubuni ni halali yako. Lakini ukitaka tuamini kwamba msimulizi aliona, mpe kwanza ule mti wa mjomba. Alisimama wapi? Giza lilikuwa kiasi gani? Nani alimtangulia kumpa jina la kile kitu? Hadithi haitapoa. Kijana anayetaka kwa moyo wote taa iwe jini, na taa haitaki kusogea, huyo ana hadithi nzito kuliko jini lenyewe.

Bahasha nimeirudisha. Zile tano nimeziandikia pembeni kwa penseli, ziandikwe upya. Ya kwangu ya kidato cha pili nayo ninaiandika upya, na safari hii naanzia kwenye sinia la korosho.