Nyumba Namba 1839: Kumbukumbu na Uongozi katika Tamthilia za August Wilson

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki namna August Wilson, mtunzi wa tamthilia Mmarekani Mweusi, alivyolishughulikia suala la kuhifadhi historia na uongozi wa watu weusi katika mtaa mmoja wa mjini. Mtaa huo ni Hill District, ulioko juu ya kilima karibu na kitovu cha jiji la Pittsburgh, nchini Marekani. Wilson alizaliwa hapo mwaka 1945, akafariki mwaka 2005. Aliacha tamthilia kumi, moja kwa kila mwongo wa karne ya 20, na tisa kati yake mandhari yake ni mtaa huo. Mbili kati ya hizo, Fences na The Piano Lesson, zilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1987 na mwaka 1990.

Hatutazichambua zote kumi. Tutajishughulisha hasa na zile ambazo ndani yake jengo linangoja kubomolewa, kwa sababu hapo ndipo swali la mtunzi linapojitokeza wazi: watu wakinyang'anywa mahali pao, ni nani anayeibeba kumbukumbu yao, na kwa gharama gani? Maoni yetu ni kwamba Wilson amelijibu swali hili kwa kina kuliko waandishi wengi. Hata hivyo jibu lake lina pengo, na pengo hilo linatuhusu sisi tunaolitumikia Kanisa.

Mtaa wenyewe

Msomaji hataelewa uzito wa tamthilia hizi pasipo kujua yaliyoupata mtaa huu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Hill District ilikuwa makao ya watu weusi waliotoka majimbo ya kusini kutafuta kazi, na pamoja nao waliishi wahamiaji kutoka nchi mbalimbali. Barabara ya Wylie ilijulikana kwa maduka, makanisa na kumbi za muziki wa jazi. Gazeti la Pittsburgh Courier lilisomwa na watu weusi kote Marekani, na mpiga picha wake Charles "Teenie" Harris alipiga picha za arusi, mazishi, mikutano na watoto wa mtaani kwa miaka mingi. Karibu negativu 80,000 za picha zake zimehifadhiwa leo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Carnegie, jijini humo.

Kuanzia mwaka 1956 sehemu ya chini ya mtaa ilibomolewa kwa jina la ujenzi mpya wa jiji. Watu wapatao 8,000 walihamishwa, na biashara zaidi ya 400 zikaondoka. Mahali pao ulijengwa uwanja mkubwa wa ndani wa michezo na maonyesho, uliofunguliwa mwaka 1961. Jengo la usharika wa Bethel wa Kanisa la AME, usharika ulioanza mwaka 1808, lilibomolewa mwaka 1957. Wilson alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili wakati huo.

Bei, mapambano na sheria

Tukizipanga tamthilia tatu kwa kufuata miaka ambamo hadithi zake zinatendeka, tunaona jinsi mtunzi anavyolitazama tatizo moja kutoka pande tatu.

Two Trains Running inatendeka mwaka 1969 katika mgahawa wa Memphis Lee. Jiji linataka kuubomoa. Memphis anadai apewe dola 25,000, wala hatapunguza hata senti moja. Mwishoni analipwa dola 35,000. Je, huu ni ushindi? Kwa upande mmoja ni ushindi, kwa kuwa huko Mississippi alikotoka aliwahi kunyang'anywa shamba bila malipo yoyote. Lakini mgahawa utabomolewa hata hivyo, na wale waliokuwa wakikaa pale kutwa nzima wakizungumza hawamo katika hesabu ya fidia. Sambamba na kisa hiki mtunzi ameweka kisa cha Hambone, mtu aliyepaka rangi uzio wa mwenye bucha akaahidiwa paja la nguruwe, kisha akapewa kuku. Kwa zaidi ya miaka tisa hakusema neno jingine ila kudai paja lake. Memphis alipata zaidi ya alichodai; Hambone alikufa pasipo kupata. Hata hivyo ni Hambone anayetufundisha kwamba haki haibadilishwi kwa kitu kingine kilicho rahisi kwa mdaiwa.

Jitney inatendeka mwaka 1977 katika kituo cha teksi bubu, yaani magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria wa mtaa ambao teksi zenye leseni zilikataa kuwafuata. Hapa kiongozi ni Becker, mzee mstaafu wa kiwanda cha chuma. Anawakusanya madereva na kuwaambia kwamba hawataondoka. Watabaki na kupambana. Kabla mapambano hayajaanza anafariki kiwandani. Mwanawe Booster, aliyetoka gerezani baada ya miaka ishirini na ambaye hawakuwa wamepatana, anasikia simu ya kituo ikilia, naye anaipokea. Tamthilia inaishia hapo. Mtunzi hatuambii kama kituo kilisalimika. Anatuambia tu kwamba simu imepata mtu wa kuipokea.

Radio Golf, tamthilia yake ya mwisho, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 2005, inatendeka mwaka 1997. Safari hii mbomoaji ni mtoto wa mtaa mwenyewe. Harmond Wilks, mfanyabiashara mweusi wa ardhi na majengo, anagombea umeya. Anataka mtaa utangazwe rasmi kuwa eneo lililochakaa ili apate fedha za serikali, ajenge majumba na maduka ya kisasa. Kikwazo ni nyumba moja kuukuu katika Barabara ya Wylie, namba 1839, ambayo mzee mmoja ameanza kuipaka rangi. Harmond anakuja kugundua kwamba kampuni yake iliipata nyumba hiyo bila kupitia mnada unaotakiwa na sheria. Hakuna aliyejua ila yeye. Angeweza kunyamaza. Anapokataa kunyamaza, anampoteza mshirika wake, nafasi ya umeya, na amani ya nyumba yake.

Msomaji wa Biblia hawezi kuisoma tamthilia hii bila kulikumbuka shamba la mizabibu la Nabothi. Ahabu naye alianza kwa kutoa bei nzuri. Nabothi alikataa kwa sababu urithi wa baba zake haukuwa bidhaa. Kisha uovu ukatendeka kwa barua zenye muhuri na baraza la wazee, yaani kwa sura ya sheria. Wilson anaongeza jambo lenye kuchoma: itakuwaje iwapo Ahabu na Nabothi ni ndugu? Maana katika tamthilia hii inabainika kwamba Harmond na yule mzee mpaka rangi ni watu wa ukoo mmoja.

Aunt Ester

Nyumba namba 1839 ilikuwa ya Aunt Ester, yaani Shangazi Ester. Jina lake likitamkwa kwa Kiingereza cha mtaani linakaribia neno lenye maana ya mhenga. Katika Gem of the Ocean, inayotendeka mwaka 1904, ana umri wa miaka 285. Msomaji akitoa hesabu atapata mwaka 1619, mwaka ambao Waafrika waliokamatwa utumwani walifikishwa Virginia. Umri wake, basi, ni umri wa watu wake katika nchi ile.

Kijana Citizen Barlow anamjia akiwa amelemewa na dhambi. Aliiba ndoo ya misumari. Mtu mwingine akashutumiwa, naye akaona afadhali kufa mtoni kuliko kukiri wizi asioutenda. Aunt Ester hamfariji kwa maneno mepesi. Anamsafirisha kiroho hadi mji uliojengwa kwa mifupa ya wale waliokufa baharini, na langoni anamkuta yule aliyekufa kwa ajili yake. Hapo anaungama. Kwa Wilson, kukumbuka na kutubu ni tendo moja, na kiongozi hapatikani kwa kura wala kwa cheo. Hupatikana pale mtu anapotambua deni alilo nalo kwa wafu, akakubali kulilipa kwa walio hai.

Hili ndilo jambo kubwa tunalojifunza kwake. Kuhifadhi historia si kuweka vitu vya kale kabatini. Nyumba ina maana kwa sababu ndani yake watu waliwajibishwa.

Pengo

Pamoja na sifa hizo, tuna mambo mawili ya kumdai mtunzi.

Kwanza, Kanisa. Wahubiri wake ni dhaifu au ni wafanyabiashara. Nabii Samuel wa Two Trains Running amekufa akiwa tajiri, na watu wanapanga mstari kuitazama maiti yake. Mhubiri Avery wa The Piano Lesson anajaribu kuifukuza roho ya bwana wa zamani kwa maji na Biblia, anashindwa. Roho inaondoka Berniece anapopiga kinanda na kuwaita wazee wake. Hatusemi kwamba lawama hii si ya haki. Wahubiri wa namna hiyo tunawajua. Lakini usharika si mhubiri. Waumini wa Bethel walipoteza jengo lao mwaka 1957, wakajenga kwingine, wala hawakuacha kudai. Mwaka 2023 yalifikiwa makubaliano ya kuwarudishia kipande cha ardhi katika eneo walikobomolewa. Ni miaka 66. Tukimkumbuka Hambone na miaka yake tisa, tunaona kwamba usharika huu ulikuwa mhusika aliyestahili kabisa kuwamo katika tamthilia za Wilson, naye hakumwandika.

Pili, wanawake. Katika kila moja ya tamthilia tatu tulizozitaja za kubomolewa, mwanamke anayeonekana jukwaani ni mmoja tu. Aunt Ester ni mkuu, lakini katika hizo tatu hatumwoni. Tunamsikia tu, au tunaambiwa amekwisha kufa. Mtaa wenyewe haukuwa hivyo. Frankie Pace, aliyekuwa na duka la muziki wa Injili, alikuwa miongoni mwa viongozi waliowakusanya wakazi katika miaka ya 1960 kuzuia ubomoaji usipande zaidi kilimani. Mwaka 2021 jina lake lilipewa bustani iliyojengwa juu ya barabara kuu iliyoutenga mtaa na kitovu cha jiji. Uongozi huo ulitoka katika mikutano, vikao na nyimbo za ibada, si katika maono peke yake.

Hitimisho

Nyumba alimoishi Wilson utotoni, katika Barabara ya Bedford, ilikarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2022 kuwa kituo cha sanaa. Uwanja uliojengwa juu ya makao ya watu 8,000 ulikwisha kubomolewa kufikia mwaka 2012. Kilichoitwa maendeleo kilidumu miaka hamsini tu. Kilichoitwa uchakavu kinafanyiwa ukarabati.

Sisi tunaowaandaa wachungaji na wainjilisti hatuna budi kuisoma habari hii kama watu wanaohusika. Sharika nyingi za mijini zimekaa juu ya viwanja vinavyotamaniwa. Iko siku mwenye fedha atakuja na bei nzuri, huenda akiwa mkristo mwenzetu, na karatasi zitakuwa tayari kutiwa sahihi. Siku hiyo mchungaji asiyejua ni nani waliochoma matofali ya kanisa lile, ni mama gani waliochanga mayai na kuku, na ni nani walizikwa wakitokea pale, atakuwa na bei ya kujadili, lakini hatakuwa na neno la kusema. Daftari la ubatizo, kumbukumbu za baraza la wazee na picha za kwaya zilizowekwa stoo ndizo nyumba yetu namba 1839. Afadhali tuanze kuipaka rangi sasa, kabla ya mbomoaji kufika.