Mwani wa kijani: rangi kufifia si dawa

Ukisoma tafiti za antioksidanti kwenye mwani wa kijani, hasa Ulva, ule wenye majani membamba kama letusi, mara nyingi utakuta hitimisho lilelile: dondoo imeonyesha uwezo mkubwa, kwa hiyo inaweza kuwa dawa. Jamani, hiyo "kwa hiyo" imeruka mto mzima.

Tuanze na kipimo. Wengi hutumia DPPH, radikali huru iliyotulia yenye rangi ya zambarau. Ukiichanganya na kitu kinachoipa elektroni au hidrojeni, rangi inafifia kuelekea njano, na mashine inapima badiliko hilo kwenye nanomita 517. Ni rahisi, haraka na nafuu. Hata mimi nimekifanya, na nilitabasamu rangi ilipoanza kupotea. Lakini DPPH haimo mwilini mwako. Kipimo kinaeleza kemia ya ndani ya mrija, basi.

Pili, nani hasa kafanya kazi? Anayesifiwa ni ulvani, polisakaridi yenye salfati iliyo kwenye kuta za seli za Ulva. Ila dondoo isiyosafishwa vizuri hubeba pia fenoli, ambazo zenyewe zinaweza kufifisha DPPH. Klorofili nayo ina rangi yake na inaweza kuvuruga usomaji. Mtafiti asiposema aliisafishaje ulvani, wala asipopima dondoo peke yake bila DPPH, anatuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tatu, ulvani ni molekuli kubwa, na vimeng'enya vyetu haviivunji. Sasa itafikaje kwenye damu, na kwa kiasi gani? Bila jibu hapo, neno "dawa" ni mapema mno.

Hatusemi haya kwa ubishi. Mwaka 1994, utafiti wa Finland uliohusisha wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 ulionyesha kwamba waliopewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti maarufu, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Utafiti mwingine wa Marekani ulisimamishwa kabla ya muda wake mwaka 1996, baada ya kuonyesha mwelekeo huohuo.

Simaanishi mwani hauna maana. Ulva ni chakula, na kipimo cha mrija ni chujio zuri la kwanza. Tatizo ni kukifanya cha mwisho. Hapa pwani kuna mtego mwingine: mwani unaolimwa Zanzibar kwa biashara ni mwekundu, yaani Eucheuma na Kappaphycus. Sifa za Ulva haziwezi kubandikwa tu kwenye pakiti yake.

Kwa hiyo mtu akikuletea poda ya mwani akidai inatibu kisukari, muulize: ni mwani gani, imepimwa kwa nani, kwa dozi ipi? Akikuonyesha mrija uliogeuka njano, mshukuru, kisha endelea na dawa zako.