Una semina Dodoma? Usirudi kabla hujafika Mvumi!

Jamani, nisikilizeni kabla sijapoa! Wenzetu wakienda mkutanoni Geneva au Vienna hurudi na picha za makasri, jibini na glasi za mvinyo kando ya mto, nasi tunazitazama kwenye simu tukimeza mate. Sisi wa semina za Dodoma tunarudi na nini? Begi la kitambaa lenye nembo ya mradi na stakabadhi ya hoteli. Safari hii kikao kilipofungwa Ijumaa mchana nikagoma kukimbilia stesheni. Nikabaki wikiendi nzima, kwa posho yangu mwenyewe, na sijawahi kula posho tamu kama ile!

Raha ilianzia Dar, kwenye treni ya SGR. Tangu Julai 2024 inabeba abiria hadi Dodoma, mwendo unafika kilomita 160 kwa saa, na chai ipo kikombeni imetulia tuli. Unapita Morogoro hujamaliza hata kusoma makabrasha ya semina. (Hakuna anayeyasoma, lakini tuendelee.)

Ukumbi wa semina nauruka. Kumbi zote zina kiyoyozi kikali na sambusa za saa nne. Jumamosi, Msalato, mnadani! Mbuzi anachomwa mbele ya macho yako, unanyoosha kidole kwenye paja unalolitaka, wanakukatia juu ya ubao, chumvi na pilipili pembeni, ndimu unakamua mwenyewe. Jioni, kwa wanaokunywa, mvinyo mwekundu wa hapahapa. Ulaya wanavuna zabibu mara moja kwa mwaka. Dodoma mara mbili! Na bado kuna mtu alikaa hoteli moja na mimi akaagiza mvinyo wa nje. Nilimwonea huruma.

Lakini hayo yote ni utangulizi. Jumapili nikapanda gari la Mvumi, kilomita kama 40 kusini-mashariki mwa jiji, ndani ya Wilaya ya Chamwino. Mibuyu! Mibuyu minene, mikongwe, imesimama mashambani kila mmoja na umbo lake, mpaka nikachoka kupiga picha. Mwaka 1871 Stanley alipita Mvumi na msafara wake akimtafuta Livingstone, akatozwa hongo ya vitambaa na mtemi ndipo akaruhusiwa kuendelea. Analalamika sana kitabuni mwake. Mimi sikutozwa kitu, nilipokewa kwa salamu ya "Mbukwenyi!" kila nilipopita, na watoto wakanisindikiza hadi karibu na hospitali ya Anglikana pale Mvumi Misheni.

Chakula sasa. Kibanda cha mama mmoja, jiko la kuni, benchi moja. Ugali wa uwele, wa kijivu, mzito, una harufu ya nafaka iliyosagwa jana. Mlenda umepikwa kwa unga wa majani yaliyokaushwa, magadi kidogo, karanga zilizotwangwa zikaachwa chengachenga ili uzitafune. Nikachota nikavuta, mlenda ukanifuata hadi kidevuni. "Mwanangu, usivute, zungusha mkono!" mama akaniambia, huku wateja wake wakicheka waziwazi. Nikazungusha kifundo cha mkono, uzi ukakatika, tonge likashuka. Ee Mungu wangu! Nikaomba sahani nyingine, na bei yake yote haikufika hata soda moja ya hotelini.

Alasiri kulikuwa na sherehe jirani, na ndipo nikaisikia muheme: wanawake wamebana kati ya mapaja ngoma ndefu zenye kiuno chembamba, wanapiga huku wanaruka, na sauti zinapandana tabaka juu ya tabaka bila mtu kumwelekeza mwenzake. Nywele zilinisimama. Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huuhuu aliyefariki mwaka 2003, aliubeba muziki wa Wagogo hadi Ulaya, na albamu yake Chibite ikatolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1996. Wazungu walikata tiketi kumsikiliza. Sisi tupo nusu siku kutoka Mvumi tunabishana juu ya nauli ya kurudi!

Usiondoke bila kutazama miti michanga iliyochipua kwenye makorongo. Ardhi ya Mvumi iliwahi kumomonyoka vibaya hivi kwamba mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) uliondoa mifugo tarafa nzima ili udongo upumzike. Kwa wafugaji kama Wagogo hilo lilikuwa jambo zito, na wazee bado wanalo la kusema. Kaa nao, waulize.

Beba fedha taslimu, kofia na viatu visivyoogopa vumbi. Nanyi waandaaji wa makongamano, tafadhalini: ile siku ya mwisho mnayoandika "chakula cha mchana na kuondoka", futeni hayo maneno, kodini basi moja, mtulete Mvumi.