Kupunguza, Kukandamiza au Kubana? Istilahi Moja ya Mawasiliano ya Wavuti

Hivi karibuni tulipokea kijitabu cha mwongozo kilichotafsiriwa kwa ajili ya watumishi wanaosimamia programu za wavuti maofisini. Kwa jumla tafsiri hiyo yastahili sifa, kwani msomaji halazimiki kuwaza kwa Kiingereza ili aielewe. Hata hivyo, pana dhana moja ambayo kijitabu kimeipa majina matatu. Katika ukurasa mmoja seva "inapunguza" majibu kabla ya kuyatuma. Katika ukurasa mwingine "inayakandamiza". Na mbele kidogo "inayasimba". Mtumishi mmoja aliyekitumia alitueleza kwamba aliizima huduma hiyo mara alipokutana na neno la kwanza, kwa kuhofu kuwa orodha anazowatumia walimu zingewafikia zikiwa pungufu. Hatuwezi kumlaumu: alikisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa. Waliopata hasara ni walimu hao, ambao hununua vifurushi vya intaneti kwa mishahara yao, na ambao kila orodha iliwafikia ikiwa kubwa kuliko ilivyopasa.

Kabla ya kuyapima majina hayo, yafaa tuitazame dhana yenyewe. Kivinjari huipelekea seva ombi, na katika ombi hilo hutaja mbinu kinazozifahamu za kuyafanya maandishi yawe madogo. Seva huchagua mojawapo, huitumia, huitaja katika kijajuu cha jibu, kisha hulituma jibu. Kivinjari nacho hulirudisha katika hali yake ya awali na kumwonyesha msomaji. Utaratibu huu ulikuwamo katika kanuni za HTTP/1.1 zilizochapishwa mwaka 1997, na ungali unatumika.

Mbinu iliyoenea sana ni gzip, iliyotolewa mwaka 1992 na Jean-loup Gailly na Mark Adler. Ndani yake mna mawazo mawili ya zamani zaidi: la David Huffman la mwaka 1952, la kuzipa alama fupi herufi zinazotokea mara nyingi, na la Jacob Ziv na Abraham Lempel la mwaka 1977, la kutorudia kilichokwisha kuandikwa. Maneno "Shule ya Sekondari" yana alama 18, nafasi zikihesabiwa. Yakitokea mara mia katika orodha, gzip haiyaandiki mara mia. Huweka agizo fupi: rudi nyuma kiasi hiki, chukua alama kiasi hiki. Huweza kurudi nyuma hadi baiti 32,768, na kuchukua hadi baiti 258 kwa mara moja. Katibu mahsusi aliyejifunza hatimkato ataielewa kazi hii upesi: anachokiandika ni kifupi, lakini barua anayoipiga baadaye ni kamili. Zaidi ya hayo, mwishoni gzip huweka baiti 8 zenye hesabu ya uhakiki na urefu wa maandishi ya awali, ili mpokeaji ajiridhishe kuwa hakuna kilichopotea.

Hivyo basi, kiini cha dhana hii si udogo peke yake. Ni udogo wa safarini, unaofuatwa na kurejea kwa kitu kizima. Istilahi isiyobeba sehemu hiyo ya pili haitoshi.

Tuanze na "kupunguza". Kilichopunguzwa kimeondolewa sehemu yake. Neno hili, kwa maoni yetu, lihifadhiwe kwa kazi nyingine iliyo karibu na hii, yaani ile ya picha za JPEG, ambamo baadhi ya maelezo madogo ya picha huachwa na hayarudi tena. Huko ndiko kupunguza kwa kweli. Tena, jibu dogo sana likipitishwa katika gzip laweza kukua badala ya kupungua, kwa kuwa kijajuu na tamati ya gzip huchukua baiti 18 kwa uchache. Mfasiri atalazimika kuandika kwamba jibu lililopunguzwa limeongezeka!

"Kukandamiza" nako kumekwisha kuzoeleka katika siasa na sheria. Wanaokandamizwa ni watu, na ukandamizaji ni dhuluma. Sioni kwa wasomaji wetu haja ya kubebeshwa mzigo huo wanaposoma habari za baiti, wala sisi hatuoni faida yake.

"Kusimba" ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Kanuni za Kiingereza hutumia hapa neno la jumla lenye maana ya kutia katika alama, na mfasiri amelifuata neno akaiacha dhana. Lakini msomaji wa Kiswahili akikutana na usimbaji katika habari za kompyuta hukumbuka usimbaji fiche, yaani kuficha habari wasizisome wasiohusika. Jibu la gzip halifichi lolote. Yeyote mwenye programu ya kawaida hulifungua. Mwaka 2013 watafiti walionyesha, katika shambulio walilolipa jina la BREACH, kwamba siri ikichanganywa katika jibu moja na maneno anayoyapanga mshambulizi, urefu wa jibu lililofanywa dogo waweza kuifichua siri hiyo, hata kama mawasiliano yenyewe yamesimbwa. Istilahi inayomwahidi mtumishi usalama mahali ambapo hana budi kuwa na tahadhari ni istilahi ya kukataliwa.

Sisi twapendelea "kubana". Pamba hubanwa ikawa robota, na robota likifunguliwa kiwandani pamba ni ile ile. La muhimu zaidi, lugha yenyewe imekwisha kutupa kinyume chake: kama ilivyo kukunja na kukunjua, kufunga na kufungua, ndivyo ilivyo kubana na kubanua. Wanaopendelea "kufinyaza" hawakukosea maana, ila watatafuta kitenzi cha kurudisha wasikipate.

Huenda msomaji akapinga kwamba robota halipungui uzito, ilhali jibu hupungua baiti. Ni kweli. Lakini istilahi si fasili. Kazi yake ni kuielekeza akili, na fasili hufuata.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

kubana: kuyafanya maandishi yawe madogo kwa namna inayoruhusu kuyarudisha yote;
kubanua: kuyarudisha;
ubanaji: kazi hiyo;
jibu lililobanwa: jibu la seva lililofanyiwa kazi hiyo. Neno "jibu" litoshe, kwa kuwa mwenzake ni "ombi".

Haya ni mapendekezo, si maazimio. Walimu, wafasiri na watumishi wenye hoja tofauti wanaombwa watuandikie. Lakini hata kabla ya hapo, tunamwomba mwenye kijitabu achague neno moja na kulitumia tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.