"Mpigeni, Atasema!": Mahojiano ya Polisi Katika Tamthilia na Katika Sheria

Nimekulia Muhuta, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako jioni tulijazana katika banda la video kutazama tamthilia za kipolisi. Iliyotupendeza zaidi ni Chicago P.D., iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2014. Humo Sajini Hank Voight, anayeigizwa na Jason Beghe, humfungia mtuhumiwa katika kizimba kilicho chini ya kituo na kumpiga. Muda si mrefu mtu anataja kila kitu, na banda zima linashangilia. Nami nilishangilia.

Kisanaa, maonyesho hayo yana nguvu. Kisa kizima kina dakika arobaini na kitu tu, hivyo kukiri kosa ndiko kunakokifunga. Lakini mtunzi ameshatuhakikishia kwamba aliyekamatwa anajua jambo. Mpelelezi wa kweli hana uhakika huo. Anachojaribu kujua ndicho sisi watazamaji tulichokwisha kupewa.

Sheria huanza na shaka. Nchini Burundi, sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, inaruhusu polisi kumzuilia mtuhumiwa siku 7, ambazo mwendesha mashtaka anaweza kuziongeza mara moja tu. Mtuhumiwa ana haki ya kunyamaza wakili wake asipokuwepo. Kukiri kulikopatikana kwa mateso ni batili. Maelezo yake huandikwa katika prosevebali, kazi ya polepole ambayo tamthilia huiruka kwa sababu haisisimui.

Mji uleule wa Chicago unajua gharama ya kizimba. Kamanda wa polisi Jon Burge na maofisa waliokuwa chini yake walitesa watu zaidi ya 100, wengi wao Weusi, kuanzia miaka ya 1970 hadi 1991. Mwaka 2003 Gavana George Ryan aliwasamehe wanaume wanne waliohukumiwa kifo baada ya kulazimishwa kukiri. Mwaka 2015, Voight akiwa bado anashangiliwa, baraza la jiji liliidhinisha fidia ya dola milioni 5.5 kwa walioteswa.

Wenzangu darasani husema hii ni burudani tu. Ningekubali, kama si jambo nililoliona likizo iliyopita. Nyavu za mvuvi mmoja ziliibiwa. Vijana wakamshika jirani yetu, na sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa: "Mpigeni, atasema!" Alipigwa, akasema ndiye aliyeiba. Siku mbili baadaye nyavu zilikutwa kwa mtu mwingine kabisa. Wengi wa vijana wale nilikuwa nikiketi nao bandani.

Sidai kwamba tamthilia ndiyo iliyowafundisha kupiga. Nadai kwamba iliwazoesha kuamini kilio cha aliyepigwa kuwa ni ukweli. Mtunzi hahitaji kutuonyesha prosevebali nzima. Ingetosha, walau mara moja, atuonyeshe mtu akikiri asilolitenda, nasi bandani tukose la kushangilia.